Kifua Chekundu

Mume wangu alipozikwa sikulia. Waliokuja matangani waliliona hilo, na najua waliliona, kwa sababu wanawake wa Malindi wakikukumbatia kwa pole hukupapasa shavu kujua kama limelowa. Sikulia kwa kuwa nilikuwa na kazi. Nilikuwa namsubiri mwanamke wa Gede. Karibu miaka arobaini nilishuku kwamba Athman ana mke wa pili huko, na sote tunajua mambo haya hujitokeza lini: mtu akishafukiwa, mlango unafunguka, anaingia bibi mgeni na buibui lake, nyuma yake watoto wawili wenye pua ya marehemu. Basi nilikaa mkekani na nguo zangu za eda, na kila aliyeingia nilimtazama miguu kwanza, nione kama ni miguu ya shamba, kisha ndipo nikamtazama uso. Zuhura, binti wa wifi yangu Rukia, ndiye aliyekuwa akipokea wageni na kugawa kahawa. Aliniinamia akaninong'oneza, "Bi Somoe, unamtafuta nani?" Nikamwambia simtafuti mtu. Zuhura ni mama mtu mzima sasa, ana miwani na watoto wa sekondari, lakini katika hadithi hii yeye ni kitoto kichanga, na mambo yote yalianzia kwenye kitanda alicholazwa.

Ilikuwa mwaka wa themanini na nne, mwaka wa unga wa njano. Mvua ilikuwa imekataa bara, mahindi yetu yakaadimika, yakaletwa ya njano kutoka ng'ambo, na mji mzima ukala ugali huo kwa kuutilia shaka. Wengine walisema ni chakula cha farasi. Wengine walisema umetiwa dawa ya kuzuia uzazi. Siku ya kwanza tulipoupika, mama mkwe wangu, Bi Mwanakombo, alinitazama nikimega tonge, akasema, "Wewe usile sana huo." Aliyasema kwa upole, lakini nililielewa neno. Nilikuwa nimeolewa na mwanawe mwaka mzima, nimeletwa kutoka Lamu kwa shangwe na matarumbeta, na tumbo langu lilikuwa bapa kama sinia. Rukia, binti yake, aliolewa nyuma yangu, na tayari alikuwa amerudi kwao kujifungua mimba ya kwanza, kama ilivyo desturi. Nyumba yote ikageuka ikamtazama yeye. Chumba cha uani kilipigwa chokaa, kitanda kikubwa cha samadari kikahamishiwa humo, dirisha likafungwa, na mkaa haukuzima kwenye jiko mchana wala usiku. Humo mlinukia ubani, samli na maziwa. Mimi nilikuwa naingia na kutoka na sinia: asubuhi uji wa pilipili manga, mchana supu ya kuku na mkate wa mofa, alasiri maji ya moto ya kumkanda mzazi. Sikuwa na kinyongo. Nilimpenda Rukia, alikuwa mcheshi, na kitoto chake kilikuwa na nywele nyingi hata kilionekana kama kimevaa kofia. Lakini nilipokinyanyua, kila mara nilimwona mama mkwe akisita na kazi yake mpaka nikirudishe kitandani.

Lazima niseme jambo kuhusu ulimi wangu. Sisi wa Lamu njia twaiita ndia, macho twayaita mato, njaa kwetu ni ndaa. Mwaka ule wa kwanza nilifanya bidii ya kusema kama wao, kwa sababu kila nikijisahau majirani walicheka, na Rukia alikuwa akiniiga hadi machozi yanamtoka. Nilifanikiwa, nadhani, isipokuwa nikikasirika au nikifurahi sana. Hapo Kiamu changu kilitoka chenyewe.

Siku kadhaa baada ya Zuhura kuzaliwa, mama mkwe alitaka majani ya kumkanda mzazi, yale ya msituni, si haya ya uani kwetu. Alikuwako mama mmoja wa Kigiriama, Mama Kadzo, aliyekuwa akituletea kuni na mboga. Kwake kulikuwa Gede, pembeni mwa msitu, na akasema twende pamoja anionyeshe, ili siku nyingine nijiendee mwenyewe. Athman alikuwa dereva wa lori la tajiri mmoja, anachukua nazi kupeleka Mombasa na kurudi na simenti. Akatushusha Gede asubuhi, mimi na Mama Kadzo, akasema atatupitia alasiri. Utingo wake, kijana aliyeitwa Kazungu, ndiye aliyenishushia kikapu.

Nilikuwa sijawahi kuingia msituni. Lamu ni mchanga, mawe na punda. Nilitarajia giza na nyoka, kumbe mwanga ulikuwa mwingi, unapita katikati ya majani, na chini kumekauka, kila hatua yako inasikika. Mama Kadzo alitembea mbele, akichuma, akinipa nishike, na kutaja majina ambayo mengi sikuyashika. Kisha akasema kuna mzizi anaoutaka, uko mbele kidogo penye miiba, na buibui langu litararuka, niketi nimsubiri. Nikaketi kwenye gogo. Sikukaa sana, nikasikia sauti ya chini, nzito, inarudiwarudiwa, kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa. Nikageuza shingo polepole. Sikuona kitu. Nilitazama tawi lile lile muda mrefu, majani matupu, mpaka jani moja likageuza kichwa.

Alikuwa ndege. Mgongo wake ulikuwa wa kijani, kijani chenye kung'aa, na alikaa wima bila kujitikisa, amenipa mgongo kama mtu aliyenuna. Nikajisemea basi, ni ndege wa kijani. Kisha akageuka. Subhanallah. Kifua chake kilikuwa chekundu kuanzia katikati hadi chini, wekundu ambao sijauona kwenye leso wala kwenye ua, na karibu na mdomo ana doa la samawati. Alinitazama. Nami nikamtazama, mdomo wazi, majani yakaniangukia mapajani. Mwaka mzima nilikuwa natazamwa tumbo, natazamwa mikono, natazamwa ninavyokula. Huyu alinitazama uso. Nilihisi furaha ambayo sikuwa nimeihisi tangu nivuke kuja Malindi, na sitaki kuipamba kwa maneno, ilikuwa furaha tu. Halafu akageuka tena, akawa jani, na Mama Kadzo aliporudi na mzizi wake hakuwako tena. Nilimwambia. Alinisikiliza, akatazama juu, akasema, "Mimi sikumwona, mwanangu. Twende, lori litatuacha."

Nilifika nyumbani alasiri nikiwa bado nimejaa. Athman alikuwa ameenda kupakua simenti, kwa hiyo sikuwa na wa kumwambia, nikaingia moja kwa moja chumbani kwa Rukia na kikapu kichwani. Mama mkwe alikuwa amemlaza mtoto miguuni anampaka mafuta. Nikasema, kwa sauti ya mtu aliyeokota dhahabu, "Rukia! Leo nimeona nyuni! Mwekundu kama damu, kwa mato yangu haya, akanitazama!"

Kwetu Lamu nyuni ni ndege. Ndege yeyote, hata kuku ukitaka kucheza na maneno. Malindi nyuni ni ule ugonjwa wa watoto wachanga, mtoto anapopindua macho na kukakamaa, ambao wengine huuita dege, na watu walisema huletwa na ndege wa kijini anayepitisha kivuli chake juu ya mtoto. Neno hilo halitajwi chumbani mwa mzazi. Nami nililitaja nimesimama mlangoni, na la mwekundu kama damu juu yake.

Rukia alimvuta mtoto akamfunika kwa upande wa leso. Mama mkwe hakupiga kelele. Aliufunga mfuniko wa chupa ya mafuta, akaukaza, akaniuliza, "Umeona nini?"

"Ndege, mama. Msituni. Nilitaka kusema ndege."

"Umesema nyuni."

"Kwetu nyuni ni ndege, mama."

"Hapa si kwenu," akasema. "Toka na hicho kikapu."

Hadi leo sijui kama alinielewa au hakunielewa. Malindi imejaa watu wa Lamu, jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa Mwamu, na mama mkwe mwenyewe alipokuwa akibembeleza mtoto aliimba nyimbo zenye maneno ya kwetu. Alilijua neno, nina hakika. Lakini kulijua neno na kulisikia chumbani mwa mjukuu wako si sawa, labda moyo uliruka kabla ya masikio. Au labda alikuwa anatafuta sababu na nikampa mkononi. Mama mkwe naye ameshakwenda, Mungu amrehemu, na mimi ningali nabishana naye.

Siku mbili tatu zilipita salama. Kisha asubuhi moja, nikiwa nakoroga uji, nikasikia Rukia akipiga ukelele ambao ulinifanya nidondoshe mwiko. Mtoto alikuwa amekakamaa, macho yamekwenda juu, mikono imekunjwa. Nilikimbilia mlangoni, na mama mkwe akasimama kizingitini, mikono huku na huku, akanizuia kwa mwili wake. Athman alikuwa safarini Mombasa. Akaitwa fundi wa nyuni, mzee mmoja mwembamba, mpole, aliyenukia tumbaku, akaingia na vifurushi vyake, na moshi ukaanza kutoka chini ya mlango. Mimi nilirudi uani nianue nguo ili mikono ipate la kufanya. Hapo kwenye kamba ndipo nilipoiona leso yangu, ile niliyoivaa msituni. Pembe yake moja ilikuwa imekatwa kwa mkasi. Kila mwanamke wa pwani anajua maana yake: ukimshuku mtu kuwa na jicho baya, unatafuta kipande cha nguo yake umfukizie mgonjwa. Ule moshi niliokuwa naunusa ulikuwa leso yangu. Niliishika ile pembe, nikaona aibu kana kwamba ni mimi niliyemkata mtu, na nikaogopa. Kama mtoto yule angekufa, nisingetoka nyumba ile na jina langu.

Kisha nikaitwa. Fundi alitaka kujua ndege niliyemwona yukoje, kwa sababu dawa hufuata rangi. Nilisimama mlangoni. Ningeweza kusema ni hua, au kunguru, nikayamaliza. Nilifikiri hivyo, sitasema sikufikiri. Lakini yule ndege alikuwa kitu changu pekee katika mji ule, na nilikataa kumfanya hua. Nikasema: mgongo wa kijani, kifua chekundu, doa la samawati usoni, anakaa bila kutikisika na kukupa mgongo. Fundi alinisikiliza mpaka mwisho. Akatikisa kichwa.

"Huyo si nyuni," akasema. "Nyuni hana rangi hizo."

Nikashusha pumzi. Nilidhani nimeokoka. Lakini mzee akaongeza, bila ubaya wowote, kama mtu anayezungumza na nafsi yake, "Na mimi nimezaliwa hapa, nimekulia hapa. Ndege wa namna hiyo simjui. Sidhani kama yuko."

Mama mkwe alinigeukia polepole. Niliona shaka yake ikiondoka mahali ilipokuwa na kuhamia mahali pabaya zaidi. Hakuuliza hapo hapo, alikuwa na mtoto wa kushughulikia. Athman aliporejea mchana alimchukua mtoto na Rukia, akawatia kwenye lori hilo hilo la simenti, akawakimbiza hospitali. Ilikuwa malaria. Zuhura alilazwa, akatiwa dawa, akapona, alhamdulillahi, akarudi nyumbani na sauti kubwa kuliko aliyoondoka nayo. Ungedhani mambo yangeisha hapo.

Chumba chetu mimi na Athman kilipakana na sebule, na ukuta haukufika darini. Yote yaliyosemwa sebuleni tuliyasikia, na aliyekuwa akiyasema alijua tunasikia. Nilikuwa nimelala kupumzika baada ya chakula, mtoto akiwa amesharudi, nikamsikia mama mkwe akimwambia mwanawe, "Nimemuuliza Mama Kadzo. Anasema waliachana huko msituni. Anasema hakuona ndege wala manyoya ya ndege. Fundi naye anasema hakuna ndege kama huyo. Sasa wewe niambie, mwanamke akae peke yake msituni, arudi uso umemng'aa, aingie na hadithi ya ndege asiyekuwako. Alikuwa na nani?"

Athman alikaa kimya muda mrefu. Nilingoja aseme neno. Alisema, "Mama, punguza sauti."

"Sipunguzi. Umuulize. Na kama hana jibu, Lamu haijahama, mrudishe."

Nililia mto ukalowa, lakini zaidi nilishikwa na hasira, hasira kwa Athman, kwa ule ukimya wake. Kwa sababu ukimya wake ulikuwa na pumzi ya mtu anayefikiria. Alipoingia chumbani nilikuwa nimekaa. Nikamwambia, "Niulize." Akasema hana la kuniuliza. Nikamwambia, "Unalo, limekukaa usoni. Basi nipeleke msituni, nikuonyeshe. Nikishindwa kukuonyesha, nitafunga sanduku langu mwenyewe."

Akanipeleka. Aliomba ruhusa kwa tajiri, tukashuka Gede, akamwacha Kazungu na lori barabarani. Athman alikuwa mnene kidogo hata wakati ule, na alivaa viatu vya kuendeshea, soli ngumu, akikanyaga kila kijiti kikavu. Nilimwambia avivue. Mume wangu akatembea msituni peku, viatu mkononi, na kama si uzito wa jambo lililotupeleka ningecheka. Tulifika kwenye gogo. Tukaketi. Nzi walitusumbua. Tulikaa mpaka jua likavuka utosi, na nilikuwa naanza kulikumbuka sanduku langu, kama kufuli lake bado linafanya kazi, ndipo nikasikia mtu anapuliza chupa.

"Huyo," nikanong'ona. "Tawi la pili, mkono wa kushoto. Amekaa."

"Wapi?"

"Pale, pale. Fuata kidole."

"Naona majani."

"Mgongo wake huo! Ametupa mgongo."

Athman alikodoa macho hadi mishipa ikamtoka. Mimi nilimwona waziwazi, kila unyoya, nikamwomba moyoni, geuka, kwa jina la Mungu geuka, mara moja tu. Hakugeuka. Athman akanyanyuka nusu ili aone vizuri, gogo likalia, na ndege akaruka kuelekea ndani, mgongo kwetu sisi, kijani ndani ya kijani, akapotea. Kifua hakikuonekana. Hata mimi siku hiyo sikukiona.

"Umemwona?" nikamuuliza.

Akajipangusa jasho. "Nimeona tawi likitikisika," akasema.

Tulirudi barabarani. Ndani ya lori nilikaa katikati, yeye upande huu, Kazungu upande ule, nikahesabu nguo zangu moja moja kichwani na jinsi nitakavyozikunja. Tulipofika, mama mkwe alikuwa sebuleni, ametulia, anachambua mchele wa biriani ya arobaini ya mzazi. Rukia alikuwa mlangoni kwake na mtoto begani. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama," nikapita niende chumbani nikafunge sanduku kama nilivyoahidi. Nyuma yangu nikasikia Athman anasema, "Nimemwona."

Nikasimama.

"Nimemwona, mama. Ni kama alivyosema Somoe. Mgongo wa kijani, kifua chekundu."

"Umemwona wewe? Kwa macho yako?"

"Wallahi, billahi, tallahi. Kwa macho yangu. Kifua chekundu."

Mama mkwe alimtazama mwanawe, kisha akanitazama mimi, na mimi nilitazama chini kwa sababu uso wangu ungesema kweli. Sidhani kama alimwamini. Lakini Athman alikuwa ameapa, na kuendelea kubisha kungekuwa kumwita mwanawe mwongo mbele ya Mungu na kumtia motoni kwa mkono wake. Alirudi kwenye mchele wake. "Basi," akasema. "Kama umemwona umemwona." Neno hilo halikutajwa tena katika nyumba ile hadi anakufa. Wiki ile Athman alifunga saumu, na Ramadhani ilikuwa mbali. Alisema tumbo lake linataka kupumzika. Mimi nilikwenda chuo cha Kurani kama yeye, najua mtu aliyeapa uongo hulipa kafara, na nilimpikia futari siku zote za saumu yake bila kuuliza.

Watu watasema nilipaswa kufurahi. Mume amekuapia, amekuokoa, unataka nini tena? Nilitaka aniamini. Alinisitiri, na kusitiri hufanyiwa mtu mwenye kosa. Nilijua hakukiona kifua, kwa hiyo nilijua ameapia uongo, na kama aliapia uongo, basi moyoni mwake alidhani ndege hayuko, na kama ndege hayuko, basi kulikuwa na mwanamume. Alinisamehe dhambi nisiyoifanya, na akawa mwema kwangu baada ya hapo, mwema kupita kiasi, hata nikawa nashindwa kumeza wema wake. Tulizaa, mwaka uliofuata nikapata wa kwanza, kisha wengine. Alinishika mkono nikiwa na uchungu. Nami kila nikimtazama nilijiuliza, ananiona mimi au anamwona mwanamke aliyemsamehe?

Na kabla mwaka ule haujaisha ndipo yalipoanza ya Gede. Lori lilichelewa kurudi. Mwanzo nilidhani ni barabara. Kisha nikaanza kuona vitu: majani makavu kwenye kikoi chake, miiba midogo imeshika pindo la suruali. Nilikuwa nikinusa shati lake kabla ya kulifua, natafuta udi, natafuta marashi, napata harufu ya udongo na majani yaliyooza. Nikajisemea, ni mwanamke wa shamba, hajui hata kujifukiza. Siku moja alirudi mchangamfu kupita kawaida, anaimba kwa pua, akanichukulia ndoo ya maji mbele ya watu, akala ugali wa njano kama biriani, na katikati ya chakula akanitazama, akafungua mdomo, kisha akaufunga. Nikajua anataka kuniambia ameoa. Nikainuka nikaenda kuosha vyombo ili asipate nafasi. Sikumuuliza siku hiyo wala siku nyingine. Ningemuuliza kwa uso gani? Angenijibu, na wewe msituni? Mtu aliyesamehewa hana mdomo. Kwa hiyo alikwenda Gede miaka yote aliyoendesha lori, hata baadaye alipokuwa na kigari chake kidogo, na mimi nilipiga pasi mashati yake kwa uchungu, nikimwazia yule mwanamke sura, umri, na namna anavyompikia.

Sasa nirudi matangani. Siku ya hitima, baada ya wanaume kula na kutawanyika, Zuhura alikuja akasema kuna mzee wa Kigiriama amekuja kunipa pole, na hataki kuondoka kabla hajasema nami. Nimo edani, siwezi kutoka kwa wanaume, kwa hiyo aliwekewa kiti upande wa pili wa pazia, na Zuhura akakaa nami. Nilimjua kwa sauti. Alikuwa Kazungu. Nikajikaza kiuno. Nilijua ametumwa na yule mwanamke.

"Pole sana, mama," akasema. "Tumepoteza mtu."

"Tushapoa, Mzee Kazungu. Sema tu ulichotumwa."

"Sikutumwa, mama. Nimejileta." Akakohoa. "Kuna jambo lanikaa. Mzee Athman alinikataza nisiliseme, lakini sasa hayupo, nami nazeeka, nikaona si vizuri nife nalo."

"Anaitwa nani?" nikamuuliza.

"Nani?"

"Huyo mwanamke wa Gede. Na watoto wangapi?"

Zuhura alinishika goti. Kisha Kazungu akasema, polepole, kama mtu anayeogopa kucheka msibani, "Mama, hata mimi nilidhani ni mwanamke. Kila tukipita anasimamisha lori, anavua viatu, anaingia msituni. Mimi nabaki na gari, nalala, naamka. Anatoka hana neno. Miezi, mama. Nikasema huyu ana mtu humo. Sasa siku moja alitoka mbio. Mbio, na unene wake ule! Akanishika mabega akaniambia, Kazungu, kifua chekundu. Kifua chekundu kweli. Nikamuuliza, kifua cha nani, dereva? Akaketi chini pale pale kando ya barabara, viatu mkononi, akacheka mpaka akalia. Akasema, ni ndege wa mke wangu. Yuko."

Zuhura ndiye aliyeuliza, "Sasa mbona hakumwambia?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo," Kazungu akasema. "Nikamwambia, haya, twende ukamwambie mama nyumbani, afurahi. Akaniambia siwezi. Nimeshaapa mbele yake kwamba nimemwona. Nikimwambia nimemwona leo, atajua kwamba siku ile sikumwamini. Akaniambia niape sitasema. Basi tangu hapo akawa anaingia kumtazama tu. Nadhani alikuwa anamwomba radhi."

Nilikaa na mikono mapajani. Nilizikumbuka zile suruali zenye miiba, mashati niliyoyanusa miaka na miaka, na ule mdomo uliofunguka ukafungwa juu ya sahani ya ugali wa njano. Zuhura alikuwa akinitazama kwa wasiwasi, kwa sababu nilikuwa nimeanza kucheka, mjane ndani ya eda, nacheka bila sauti na mabega yananitetemeka. Nikamwambia aende jikoni amletee mgeni chakula, cha moto, na nyama isipungue. Alipotoka niliivuta leso nikajifunika uso, nikamlilia mume wangu.